Mtoto Aliyeitwa Bure

Ndugu zangu wa Kamembe, na ninyi wa Gihundwe, wa Giheke, wa Rwimbogo na kwingineko, nawaomba mkae kidogo. Nina habari ya nyumba moja. Wenyewe wameniruhusu niisimulie, kwa sababu wanasema kama wangesikia mapema habari ya namna hii kutoka kwa wengine, huenda isingewafika. Mimi sitamlaumu mtu haraka. Ninyi pia, nawasihi, msilaumu kabla ya kufika mwisho.

Ilikuwa alasiri, mvua imekatika muda mfupi tu uliopita. Ziwa lilikuwa limetulia chini ya mlima, na nyumba za Bukavu ng'ambo zilionekana karibu, kana kwamba ungeita mtu akakuitika. Katika kibaraza cha fundi Hakimu mashine za kushona zilikuwa zinaitikiana. Harufu ya pasi ya makaa ilichanganyika na harufu ya chai ya tangawizi. Hakimu mwenyewe alikuwa anakata kitambaa juu ya meza. Mke wake, Mugwaneza, alikuwa anapokea wateja na kuwapa viti. Binti yao wa pekee, Zulaikha, mwenye umri wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameinamia mashine ya mwisho, karibu na pazia, na kitenge kilipita chini ya vidole vyake bila kusita hata mara moja. Ungepita barabarani siku ile ungesema: hii ni nyumba yenye baraka.

Akaingia Umuhire, mwalimu wa Gihundwe, kuchukua gauni lake la arusi ya dada yake. Akalivaa, akatoka nyuma ya pazia, akajigeuza mbele ya kioo.

"Eh! Maman Zulaikha," alisema, "kola hii ni nani aliishona? Miye nimevaa nguo za Kigali, nimevaa za Bukavu, lakini kola ya kulala hivi ku shingo sijaiona. Ni huyu mutoto?"

Mugwaneza alicheka haraka, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni.

"Huyu? Huyu Bure? Usinichekeshe, Mwalimu. Huyu, kupitisha uzi ku sindano ni kazi ya siku nzima. Ni baba yake aliishona. Huyu tunamuweka hapa tu, kiti kisikae bila muntu."

"Basi mumuoze haraka, kabla batu hawajajua!" alidakia mwanamke mmoja aliyekuwa anangoja vifungo vyake.

Kibaraza kizima kikacheka. Zulaikha naye akacheka, akaendelea kushona. Kola ile ilikuwa kazi yake. Alikuwa ameifumua na kuirudia mpaka ikakubali. Hakimu alijua. Aliinua uso, akamtazama mke wake, kisha akaurudisha kwenye mkasi wake.

Msomaji wangu, usipite hapo upesi. Mtoto aliyedharauliwa mbele ya watu alicheka pamoja nao. Sisi tulioona tulifikiri kicheko ni dalili kwamba hakuumia.

Sasa mtaniuliza, mama gani husema hivyo juu ya mtoto wake? Nitawaeleza, na mtashangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Mugwaneza alizaliwa Giheke, katika familia ya wakulima. Kwa wazee wake, mama aliyefiwa na watoto mfululizo alimpa anayefuata jina baya, ili kifo kikija kikute kitu kisichotamanika, kipite. Baadaye akaolewa Kamembe kwa Hakimu, Mwislamu, katika ukoo wa mafundi na wachuuzi wanaoogopa sana kijicho. Kwao husemwa kwamba mtoto akisifiwa ovyo mbele ya watu, homa haiko mbali. Mila mbili za mbali zikakutana chini ya bati moja.

Mtoto wa kwanza wa Mugwaneza alikuwa wa kiume, mnene, mwenye macho makubwa, na kila mgeni alimsifu. Homa ikamchukua kabla hajatembea. Wa pili alikuwa wa kike. Katika arusi moja wanawake walimpokezana mikononi wakisema hawajaona mtoto mzuri kama yule. Haukupita muda, naye akazikwa. Basi mkunga alipompa wa tatu, akisema, "Hongera, angalia alivyo mzuri," Mugwaneza alimfunika mtoto uso kwa haraka na kujibu, "Hapana, si kitu. Ni bure tu."

Jina la Zulaikha lilitoka kwa baba. Nyumbani aliitwa Bure. Alipoanza kutembea, mama alisema miguu yake ni mibaya. Alipoongoza darasa, mama aliwaambia majirani kwamba walimu walikosea kuhesabu. Alipoanza kushona vizuri kuliko baba yake, mama aliificha kazi yake kama mtu anayeficha moto wakati wa upepo. Na mama huyu, sikilizeni, hakulala hata siku moja bila kumgusa mtoto wake paji la uso kuangalia kama ana joto. Lakini alimgusa mtoto akiwa usingizini. Zulaikha alipata maneno ya mchana tu. Ule mkono hakuujua.

Kwa nini hakumweleza? Kwa sababu aliamini kwamba ukimweleza mtoto, kinga inavunjika. Ndiyo maana siri ilikaa miaka yote hiyo, na mtoto akakua akiamini jina lake.

Siku moja alikuja Mukarugwiza, kiongozi wa ushirika wa wanawake mafundi. Alikuwa ameona gauni la Mwalimu Umuhire. Alitaka Zulaikha aje kuwafundisha wasichana wa ushirika kukata na kushona, awe na chumba chake na jina lake mlangoni. Aliyasema hayo kwa furaha, kwa sauti, huku wateja wakisikiliza.

Mugwaneza aliingiwa na baridi. Macho yale yote! Jina la mtoto mlangoni, kila mpita njia alisome!

"Mama yangu, usijisumbue," alijibu. "Huyu atawaharibia kazi. Hajui, na hatajua. Akija kwako, kesho utamrudisha ukinilaumu mimi. Tafuta muntu wa maana."

"Lakini nimeona kazi yake."

"Uliona kazi ya baba yake. Huyu ni bure, nakuambia. Miye ndiye mama yake, nani anamujua kunizidi?"

Nyuma ya pazia Zulaikha alikuwa amesimama na pasi mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa, moshi ukapanda, na hakuinua mkono mpaka baba yake alipopiga kelele.

"Unaona?" mama akamwambia Mukarugwiza. "Unaona mwenyewe?"

Tangu siku ile Zulaikha alibadilika. Na hapa ndipo aibu ni yetu sote. Aliacha kula vizuri. Tukasema anajipunguza kama wasichana wa siku hizi. Aliacha kwenda kwa rafiki zake, tukasema ametulia. Alikuwa analala sana, na akiamka macho yake ni ya mtu ambaye hakulala. Tukasema ni ujana. Kwa rafiki yake mmoja alipeleka mtandio wake mzuri, kwa mwingine hereni. Walishukuru. Hakimu alijisifu mbele ya wanaume kwamba binti yake amekuwa mpole, hana tena maswali mengi. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya kichwa cha mtoto yule kulikuwa na sauti iliyokuwa inamwambia kila asubuhi: Wewe ni mzigo. Ukiondoka watapumua. Na sauti hiyo, ndugu zangu, ilikuwa inasema kwa maneno ya nyumbani kwao.

Jirani yao anaitwa Nyiraneza, wengi humwita Maman Jules. Ni Mkristo, aliyekulia upande wa Congo akarudi mtu mzima. Huuza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, juu ya meza mbele ya nyumba yake, na sauti yake husikika kabla hujamwona. Asubuhi moja Zulaikha alimjia na mkasi wake wa kushonea, ule mzuri, ameufunga katika kipande cha kitenge.

"Maman Jules, chukua. Utakukatia mifuko."

"We! Umepata mwanaume wa Dubai?" Nyiraneza alicheka. "Fundi anagawa mkasi wake? Kesho Papa yako atasema nimeiba."

"Hatasema. Miye sitauhitaji tena."

"Unaenda wapi? Kigali?"

"Hapana."

"Bukavu?"

"Hapana, Maman Jules. Nitawapumzisha tu. Kile kiti watapata muntu wa maana wa kukikalia."

Mkono wa Nyiraneza ulisimama katikati ya sambaza. Kicheko kilimtoka usoni chote. Alikuwa amewahi kumsikia mshauri wa afya wa kijiji akifundisha kanisani kwao kwamba mtu akigawa vitu vyake anavyovipenda na kuongea kama anayeaga, aulizwe waziwazi, na kwamba kumuuliza hakumwingizii wazo ambalo hana. Siku alipofundishwa alidhani ni maneno ya wazungu. Sasa yalisimama mbele yake yakiwa na uso wa mtoto wa jirani.

"Zulaikha. Niangalie. Unafikiria kujiua?"

Watu walikuwa wanapita na vikapu vyao vya mboga za lengalenga. Pikipiki zilikuwa zinapiga honi. Jua lilikuwa linawaka kama siku yoyote.

"Ndiyo," alisema Zulaikha.

Nyiraneza ameniambia kwamba aliogopa kuliko siku yoyote. Lakini hakupiga yowe. Hakusema "toba", hakusema "dhambi". Alizunguka meza, akamshika mkono, akamketisha kwenye benchi lake na kumvika kitenge chake mabegani.

"Asante kwa kuniambia," alisema, na sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Sasa sikiliza. Leo miye sikuachi. Ukienda msalani, tunaenda wawili. Utanichukia, haina neno."

Zulaikha akaanza kulia. Alilia kwa muda mrefu, na Nyiraneza alimwacha alie. Paka wa jirani alipanda juu ya meza akala sambaza mpaka akachoka, na mwenye meza alimtazama tu.

Kisha akaita ng'ambo ya ua, "Papa Zulaikha! Acha kazi, uje. Na Maman Zulaikha aje. Sasa hivi!"

Walikutana sebuleni kwa Hakimu, mlango umefungwa. Nyiraneza alisema maneno machache, wazi, bila kuyapamba. Hakimu alikaa chini. Mugwaneza alibaki amesimama.

"Muongo!" alisema. "Nani amemuloga? Nani amemwingizia hayo? Mutoto wangu hakosi chakula, hakosi nguo!"

"Maman Zulaikha, pole pole..."

"Na ni haramu! Zulaikha, hujui kama ni haramu? Unataka kututia aibu mbele ya msikiti mzima?"

"Unaona, Maman Jules?" Zulaikha alisema bila hasira. "Hata nikitaka kufa naharibu."

Ndipo msichana yule akainua macho yake kwa mama yake, na kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza tena, akauliza swali ambalo hakuwahi kuthubutu kuuliza.

"Maman, niambie kitu kimoja kizuri ambacho ninacho. Kimoja tu. Nikisikie."

Mugwaneza alifungua mdomo. Alikuwa na vitu hivyo vingi, vimejaa kifuani kwa miaka kumi na tisa: vidole vile, subira ile, sauti ile alipokuwa mdogo akisoma Kurani. Vyote vilifika kwenye ulimi. Akaona kaburi dogo la kwanza, akaona na la pili. Akafunga mdomo.

Zulaikha aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia.

Wasomaji wangu, nimeisikia sehemu hii kutoka kwa wote wanne, na kila mmoja alipoifikia alishindwa kuendelea. Mama alinyamaza ili mtoto asife. Na ukimya ule ndio uliokuwa unamuua.

"Sema naye!" Nyiraneza alimshika Mugwaneza bega, akamtikisa. "Unangoja nini?"

"Siwezi! Nikisema atakufa!"

Neno hilo likatoka kama jiwe. Na likishatoka hilo, yakafuata yote, kwa kilio, yamechanganyika: mtoto wa kiume mwenye macho makubwa, binti wa arusini, mkunga, jina baya, mkono wa kila usiku kwenye paji la uso.

"Wale wawili niliwasifu, nikawaacha wasifiwe, na wakaniacha. Weye nilikuficha. Nilikuficha kwa matusi, Zulaikha, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kukufunika."

Zulaikha alijua kwamba alitanguliwa na watoto wawili waliokufa. Hayo mengine hakuyajua kabisa. Alimtazama mama yake kama mtu anayemwona mgeni.

"Miaka yote hii?" alisema. "Miye nilikuwa naamini."

"Papa Zulaikha," Nyiraneza aligeuka, "na weye ulijua?"

Hakimu alijibu akitazama sakafu. "Nilijua. Nilisema ni mambo ya wanawake. Nikashona."

"Lakini ninyi si muko na neno lenu?" Nyiraneza aliuliza, machozi yakimtoka na bado ulimi wake ni ule ule. "Si munasema mashallah? Muntu akiona kizuri anataja Mungu, inatosha. Miye mlokole nalijua, ninyi Waislamu mumelisahau? Sasa mulikuwa munaenda msikitini kufanya nini?"

Hata Hakimu, katika hali ile, alikaribia kutabasamu. Kisha akasimama, akavaa viatu. "Twende kwa daktari," alisema. "Hili halimalizwi na sisi."

Walikwenda wote wanne kwenye kituo cha afya, Zulaikha katikati. Mugwaneza aliogopa njia nzima kwamba watu watauliza wanakwenda kutibiwa nini. Walipouliza, Hakimu alijibu, "Mtoto anaumwa," na ilikuwa kweli.

Waliyempata ni Izabayo, muuguzi wa afya ya akili, kijana anayeongea polepole. Alianza na Zulaikha peke yake, akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akawaita wengine. Aliwaambia kwamba mawazo ya kujiua ni hatari kama homa kali ni hatari, na kwamba kama homa, yana matibabu. Kwa siku zile za mwanzo Zulaikha asiachwe peke yake, na chochote ambacho angeweza kujidhuru nacho kiwekwe mbali naye. Asihubiriwe, asiulizwe kwa nini anaaibisha familia, asikilizwe. Arudi kituoni kila atakapoitwa. Na mawazo yakizidi saa yoyote, wasingoje siku ya miadi, wamlete hospitali.

Mugwaneza aliuliza kwa sauti ya kunong'ona, "Ni miye niliyemfanya hivi?"

"Maman, mambo haya huwa na mizizi mingi," alisema Izabayo. "Sitaki ubebe yote peke yako, utaanguka, na yeye anakuhitaji ukiwa umesimama. Lakini lile jina halikumsaidia. Anza na hilo."

Msidhani kwamba waliporudi nyumbani mambo yalinyooka. Hadithi nyingi hukatiza hapo, nami sitaki kuwadanganya. Mugwaneza alijaribu kusifu na hakujua kusifu. Alisifu namna Zulaikha alivyofagia, alivyoshika kikombe, alivyokaa. Mwishowe msichana akamwambia, "Maman, unasema kwa sababu dokta alikuambia." Ilikuwa kweli kiasi, na ilimuuma. Zulaikha alikuwa na siku za kuongea na siku za kugeukia ukuta. Nyiraneza alikuja kukaa naye, akichambua sambaza zake pale pale kitandani mpaka nyumba nzima ya fundi ikanuka samaki. Hakimu, ambaye hakuwahi kuwa mtu wa maneno, aliweka kiti chake karibu na binti yake akawa anashona hapo, na kidogo kidogo akawa anamuuliza, "Hapa ungefanyaje?" na akijibiwa, anafanya hivyo.

Baada ya majuma kadhaa Mukarugwiza alipita tena kuulizia. Kibaraza kilikuwa na wateja. Mugwaneza alisimama, akashika ukingo wa meza.

"Ile kola," alisema kwa sauti ya kusikika, "ile ya Mwalimu. Ni mutoto wangu Zulaikha aliishona. Mashallah. Anashona kupita baba yake. Nilikudanganya."

Wateja walitazamana. Mukarugwiza, mtu wa busara, alisema tu, "Nilijua. Akipona, nafasi ipo." Nyuma ya pazia mashine ilisimama, kisha ikaendelea.

Asubuhi ya pili, Zulaikha aliamka na homa.

Hebu fikirini moyo wa mama huyo! Maneno mazuri juzi, homa leo. Alipomgusa paji la uso na kukuta moto, alipiga ukelele uliomleta Nyiraneza mbio na kisu cha samaki mkononi.

"Nilijua! Nilijua! Nimemuua kwa mdomo wangu!"

Zulaikha alikuwa amefungua macho. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, na alikuwa anamtazama mama yake. Wote mle chumbani walijua anangoja nini. Lile jina la zamani lilikuwa pale, tayari, rahisi kulitamka. Neno moja tu, na mama angekuwa amerudisha ile kinga.

Mugwaneza aliinama. Alikuwa anatokwa na jasho kuliko mgonjwa.

"Zulaikha," alisema. "Zulaikha, mutoto wangu muzuri. Amka tukapime."

Ilikuwa malaria. Alipewa dawa, akala uji, na baada ya siku chache homa ikaondoka kama homa za malaria za watoto wa majirani zinavyoondoka. Hakikuwa kijicho, ni mbu tu. Lakini tangu asubuhi ile Zulaikha alianza kuyaamini maneno ya mama yake, kwa sababu alikuwa ameona bei ambayo mama alikuwa tayari kulipa ili kuyasema.

Leo anafundisha kwenye ushirika asubuhi, na jioni yuko kibarazani. Bado anakwenda kwa Izabayo. Kuna miezi mizuri, kuna majuma mabaya. Juma moja, wakati wa kazi nyingi za Idi, wateja wakiwa wamejaa mpaka barabarani, alisimamisha mashine yake, akaenda kwa mama yake, akamwambia mbele ya Umuhire na wengine wote:

"Maman, yale mawazo yamerudi leo. Kaa na miye."

Mugwaneza aliweka chini futi ya kupimia. Akamshika mkono, wakaingia ndani, wakafunga mlango.

"Maman Zulaikha!" wateja waliita. "Na nguo zetu? Idi ni kesho kutwa!"

"Mungoje," sauti ilijibu kutoka ndani. "Niko na mutoto wangu."

Wakangoja.

MAFUNZO YA HABARI HII

Ndugu zangu, msidhani kwamba mtoto anajua mnampenda. Upendo unaofichwa nyuma ya matusi, hata kwa nia njema, hufika kwa mtoto ukiwa matusi tu. Mwenye kuogopa kijicho amtaje Mungu, kisha aseme kizuri anachokiona, akiseme mtoto akiwa macho na anasikia. Na utani wetu wa vibarazani tuupime. Anayecheka pamoja nasi si lazima awe haumii.

Ukimwona mtu amejitenga, amegawa vitu anavyovipenda, anaongea kama anayeaga, au anasema yeye ni mzigo, usimsifu kwa kutulia. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Ukishamuuliza, kaa naye, msikilize, usimhubirie, na umpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Usiifiche kwa ajili ya aibu. Mtoto akiishi, aibu hupita.

Na wewe unayesoma haya ukiwa na sauti ile kichwani, inayokuambia kwamba wewe ni bure na kwamba ukiondoka watapumzika: inakudanganya. Kwa Zulaikha pia iliapa kwamba inasema kweli. Mwambie mtu mmoja leo, awe mzazi, jirani, mwalimu, muuguzi au muuza sambaza. Wa kwanza asipokuelewa, mwambie wa pili. Na sauti ikirudi siku nyingine, sema tena, hata kama ni siku ya kazi nyingi. Nguo za Idi zinaweza kungoja.